Kokwijuka na Shimo la Ndizi

Ukivundika, usifunue.

Mmelisikia neno hilo leo mchana, mama mchungaji alipomjibu Adventina, huyu hapa anayejifanya anachambua maharage kumbe masikio yote ameyatega huku. Adventina alikuwa akilalamika kwamba ameomba tangu mwaka jana na Mungu hasemi ndiyo wala hapana, na kwamba sasa anataka kwenda mwenyewe kumbana yule kijana aliyeahidi kuleta wazee wake, aseme moja. Mama mchungaji akampa maneno hayo mawili tu, akachukua ndoo yake akaenda zake. Ninyi mkacheka mkidhani ni mambo ya jikoni, kisha mkaona haya kucheka, na sasa mnauliza yalitoka wapi.

Basi punguzeni kelele za masufuria. Methali hiyo haikuletwa na wageni. Ilizaliwa kwenye kilima hiki hiki, na mwanamke aliyeizaa aliizaa kwa aibu.

Mwanamke huyo aliitwa Kokwijuka, mke wa Elieza. Alikuwa kiongozi wa maombi wa akina mama katika mtaa huu wa kanisa, na hakuwa kiongozi wa jina tu. Mtu akifiwa, kabla mwinjilisti hajavaa viatu, Kokwijuka ameshafika na mkeka wake. Mtoto akizidiwa, anaitwa yeye. Na popote alipokwenda alikuwa na neno moja, ambalo watu walilingoja kama watoto wanavyongoja sukari: mvumilivu hula mbivu. Alilisema kwa wajane, akalisema kwa waliokosa watoto, akalisema kwa wazee waliosubiri vijana wao warudi kutoka mjini. Wengine liliwafariji kweli. Wengine walilikubali kwa sababu aliyelisema ni Kokwijuka.

Kisha ukaja mwaka wa mnyauko.

Ninyi mliozaliwa baadaye mnausikia ugonjwa wa migomba kama habari za redioni. Waulizeni wazazi wenu. Jani linageuka manjano katikati ya masika, mgomba unainama kama mtu aliyechoka, mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ndizi hii mbivu na jirani yake mbichi, na ukiikata unakuta ndani imekuwa kahawia na kuoza. Dawa haikuwapo. Mgomba mmoja ukiugua unaung'oa na shina lake, na ugonjwa ukishaenea unafyeka kibanja chote na kukichoma, ili usiwaue majirani. Na kwa Mhaya kibanja si shamba la kwenda na kurudi. Ndipo nyumba ilipo, ndipo chakula kilipo, ndipo walipolala wazazi. Kumwambia mtu afyeke kibanja chake ni kumwambia avue nguo barabarani.

Kokwijuka alifunga. Aliwakusanya akina mama, wakazunguka kibanja chake wakiimba na kuomba, na majirani wakasema moyoni kwamba kama kuna kibanja kitakachopona kilimani hapa, ni hicho. Ndicho kilichotangulia. Elieza alifyeka migomba iliyopandwa na baba yake mzazi, moshi ukakaa juu ya nyumba mpaka nguo za kabatini zikanuka. Jumapili iliyofuata Kokwijuka alisimama kanisani akashuhudia kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na watu wakatokwa machozi kwa imani ile. Yeye hakulia. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na kitambaa chake kichwani, na aibu ikampanda polepole, kwa sababu hakuwa ameamini hata neno moja kati ya yale aliyoyasema.

Hiyo ndiyo aibu yake ya kwanza, na hakuna aliyeijua. Aliendelea kuongoza maombi. Sauti ilikuwa ile ile na maneno yale yale, lakini moyo ulikuwa umekaa pembeni umenuna. Alikuwa na swali moja tu kwa Mungu: nilikosa nini? Na kwa kuwa hakujibiwa, akaanza kumwangalia Mungu kama mtu anavyomwangalia mkwe asiyeaminika, anamchekea huku akimchunguza. Kumwambia Elieza aliona haya. Kumwambia mchungaji aliona haya zaidi. Mficha uchi hazai, wanasema, naye aliificha hali yake chini ya mahubiri mazuri.

Ilipokaribia Sikukuu ya Mavuno, wazee wa kanisa walitaka mwaka ule iachwe. Mavuno gani, walisema, ya majivu? Mchungaji Bagenda akakataa. Alisema tutashukuru kwa kilichobaki, hata kikiwa kidogo. Na kilichobaki kilikuwa kibanja cha Zefania.

Zefania alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi, anayekaa ng'ambo ya kijito na mama yake mzee. Kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa, mnyauko haukuvuka kijito. Kibanja chake kilibaki kijani peke yake, na kila asubuhi watu wa kilima kizima walikitazama kabla ya kutazama anga. Zefania naye hakujivuna. Aliahidi kwamba sikukuu ikishapita, kila nyumba itakwenda kwake kuchukua miche, na kilima kitaanza upya kutoka kwenye migomba yake. Kwa ajili ya sikukuu yenyewe alikata mikungu yake yote ya ndizi za juisi, akaileta kanisani mwenyewe begani, safari baada ya safari. Mchungaji akauliza nani atazivundika. Wote wakamgeukia Kokwijuka, maana mkono wake ulijulikana.

Kwa kuwa mnakunywa soda, niwaeleze. Ndizi za juisi hazingojwi ziive mgombani. Unachimba shimo, unawasha ndani yake moto wa majani makavu mpaka udongo ushike joto, unaondoa majivu, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi zikiwa ngumu kama kuni, unazifunika kwa majani mengi na magome ya mgomba, halafu udongo juu. Hapo umevundika. Joto linabaki mle ndani na ndizi, gizani, vikifanya kazi yake. Siku zake zikitimia unafukua na kukuta zote zimekuwa manjano kwa pamoja, laini, harufu yake inafika barabarani, tayari kumenywa na kukamuliwa. Lakini ukifunua kabla ya siku, hata mara moja, hata upenyo wa kiganja, joto linatoka na baridi inaingia. Joto likishatoka halirudi. Kila mtoto wa kilima hiki aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Ndiyo maana ilikuwa desturi kwamba shimo likishafunikwa linachomekwa jani bichi juu yake, na tangu hapo hakuna anayelisogelea, wala kumwuliza aliyevundika zinaendeleaje. Kumwuliza kulikuwa utovu wa adabu.

Kokwijuka alivundika nyuma ya nyumba yake, mahali palipokuwa kibanja. Akina mama walimsaidia kubeba, na shimo lilipofunikwa walishikana mikono kulizunguka, yeye akaomba. Alisema, Bwana, tumeweka mikononi mwako kile kidogo tulicho nacho, fanya utakavyo kwa wakati wako. Akina mama wakaitikia amina. Akachomeka jani.

Halafu mvua ikaanza, ile mvua nyembamba ya kwetu isiyo na haraka. Siku ya kwanza alitulia. Siku ya pili wazo likaingia. Je, kama mnyauko ulishavuka kijito? Ugonjwa ule hauonekani siku ya kwanza. Mkungu unaweza kukatwa ukiwa mzuri machoni na ndani umeshaharibika. Je, kama anavundika uozo? Je, kama siku itakapofika watafukua mbele ya watu wote na kukuta Mungu amemfanyia tena kile alichomfanyia wakati wa kibanja chake? Alijaribu kuomba. Kila alipoomba aliyaona majani ya manjano. Akajiambia kwamba kuangalia kidogo si kukosa imani, ni uangalifu. Shetani naye ana heshima zake, hamwiti mtu kwa jina la dhambi.

Alasiri ile Elieza alikuwa ameenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kokwijuka alijifunga kanga, akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa jani, akafukua upande mmoja na kuinua magome. Hewa ya moto ilimpiga usoni na kupita, naye akajua palepale alichofanya. Ndizi zilikuwa mbichi, ngumu, nzima kabisa. Hakuona ugonjwa wowote. Akafunika haraka, akasawazisha udongo kwa viganja, akachomeka jani mahali pake. Mnadhani alipata amani kwa kuwa aliziona ni nzima? Amani aliyoipata ilidumu mpaka wakati wa chakula. Sasa alikuwa na hofu mpya, kwamba joto limetoka. Kesho yake akafunua tena kuona kama joto lipo. Safari hii alichimbua zaidi, akatia mkono mpaka kwenye ndizi za chini, na mvua ilikuwa inanyesha. Maji yaliingia. Alifunika, na hakuthubutu kulisogelea shimo tena.

Siku ya kufukua walikuja akina mama na vijana, na mtumbwi wa mti wa kukamulia ulishaoshwa na kuwekwa uani. Waliimba. Zefania alikuja na mama yake. Walipoondoa udongo, wimbo ulikatika wenyewe, sauti moja baada ya nyingine. Ndizi za pembeni zilikuwa bado kijani. Za katikati zilikuwa nusu manjano. Za chini zilikuwa nyeusi na zimelowa, na mzee mmoja alipoikata moja, ndani yake ilikuwa kahawia na imeoza.

Hakuna aliyehitaji kulitaja jina la ugonjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nao walikuwa wameumwa mwaka mzima. Hii mbivu na jirani yake mbichi, ndani kahawia: walishaona hayo kwenye vibanja vyao wenyewe. Mama mmoja aliketi chini. Mzee aliyekata ndizi aliitupa na kupangusa kisu kwenye majani, kisha akamtazama Zefania, na wote wakamtazama Zefania.

Lipo jambo moja lililomwumiza Kokwijuka kuliko yote, na alilisimulia mwenyewe hata uzeeni. Hakuna aliyemwuliza kama alifunua. Mama mmoja aliuliza tu kama mvua iliingia, naye akajibu kwamba labda iliingia kidogo. Kama ingekuwa shimo la mwanamke mwingine, wangeliuliza kwanza hilo. Kwa Kokwijuka wazo lenyewe halikuwajia. Heshima yake ndiyo iliyomfunika, naye akajifunika nayo, akanyamaza.

Wazee walikaa pale pale uani. Hawakuwa watu wabaya. Walisema kwa uchungu kwamba ugonjwa umevuka, na kwamba kibanja cha Zefania lazima kifyekwe na kuchomwa kabla haujaenea hadi kilima cha pili, na miche ya kugawa isahauliwe; hofu haikuwapa hata wazo la kwenda kukikagua kwanza. Walimwomba msamaha kabla ya kumhukumu. Zefania alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Kisha akasema kwamba kama ni ugonjwa, hawezi kuwapa watu miche ya mauti, na kwamba atafyeka mwenyewe, ila wamruhusu asali Jumapili kwanza. Mama yake alianza kulia bila sauti. Zefania alimshika mkono wakaondoka, na walipopita mbele ya Kokwijuka alimwambia, "Pole mama. Umejitahidi bure kwa ndizi zangu." Kokwijuka aliingia ndani, akafunga mlango, akajifunika shuka ingawa ilikuwa mchana.

Elieza alirudi akamkuta hivyo, akadhani ni homa. Kokwijuka akamwacha aamini hivyo. Alijihesabia haki kwa kila namna, kama sisi sote tufanyavyo. Alijiambia kwamba huenda ni ugonjwa kweli. Alijiambia kwamba akisema, akina mama hawataamini tena maombi, na kazi ya Mungu itaharibika. Angalieni jinsi mtu anavyoweza kumweka Mungu mbele ya aibu yake kama ngao.

Jumapili kanisa lilijaa. Hapakuwa na ndizi madhabahuni, palikuwa na maboga machache, kahawa kidogo na mayai. Zefania aliketi kiti cha nyuma na panga lake alikuwa ameliacha mlangoni, amelinoa tayari. Mchungaji Bagenda alihubiri kwa ufupi, kisha akamwita Zefania mbele, akasema kanisa litamwombea kabla hajaenda kufanya kazi ile ngumu. Akageuka akasema, "Mama Kokwijuka atatuongoza. Yeye amepita njia hii."

Kokwijuka alisimama. Alikwenda mpaka mbele, akaweka mkono juu ya bega la Zefania, kama alivyozoea. Akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno hayakuja. Watu walingoja wakiwa wamefumba macho. Mtoto alikohoa. Baada ya muda mmoja mmoja wakaanza kufumbua, wakamwona ameondoa mkono kwenye bega la yule mtu, ameuficha chini ya kanga.

"Siwezi kumwombea," alisema. "Ndizi zake hazikuugua."

Mchungaji aliuliza kwa sauti ndogo ana maana gani.

"Nilivundika, nikafunua."

Akaendelea, macho yakiwa sakafuni, na sauti haikuwa ile ya maombi. Ilikuwa sauti ya mwanamke yeyote. "Mara mbili. Mara ya pili kwenye mvua. Mliomba pamoja nami, mkaitikia amina, nami kabla sauti zenu hazijapoa nilikuwa nimeshaanza kuchungulia. Tangu kibanja changu kilipoungua sikumwamini Mungu tena. Niliwaambia ninyi mngoje, mimi mwenyewe sikungoja. Nilimwachia shimo mbele yenu, nikaenda kumkagua mlipoondoka. Na juzi nilimwacha huyu mtoto wa watu abebe uozo wangu."

Elieza aliinamisha kichwa mpaka kikagusa benchi la mbele. Hakuna aliyesema neno la kumfariji Kokwijuka, na ilikuwa haki. Mzee aliyekata ndizi alitoka nje, na wengine wawili wakamfuata, wakavuka kijito wakaingia kibanjani mwa Zefania. Walikata ndizi za kupika zilizobaki, mgomba kwa mgomba, na kuzitazama ndani, na kila moja ilikuwa nyeupe na safi. Walirudi ibada haijaisha. Yule mzee alisema tu, "Kiko kizima." Watu wakalia kwa furaha, wakamkumbatia mama yake Zefania, na katikati ya furaha ile yote Kokwijuka alisimama peke yake karibu na maboga, hajui aketi wapi.

Zefania alimtazama kidogo tu, akachukua panga lake mlangoni, akamwongoza mama yake nyumbani. Sikukuu ya mwaka ule watu walikunywa maji.

Msidhani baada ya kuungama mambo yalinyooka. Hadithi za namna hiyo ni za watoto wa shule ya Jumapili. Kokwijuka aliacha uongozi wa maombi mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Kisimani wanawake walimsalimu vizuri, kisha mazungumzo yakaisha. Miche iligawiwa, nyumba kwa nyumba, na ya Elieza ililetwa pia, lakini iliachwa nje ya uzio asubuhi mapema, na aliyeileta hakubisha hodi. Kokwijuka aliipanda akiwa haoni vizuri kwa machozi. Hilo ndilo lililomtesa: hakujua. Je, Zefania amesamehe, au ametimiza ahadi tu kama muungwana? Na Mungu je? Aliomba msamaha usiku na mchana, na mbingu zilikuwa kimya kama mwaka wa mnyauko.

Siku moja hakuweza tena. Alimwambia Elieza aende kwa Zefania kwa kisingizio cha kuazima jembe, amchunguze katika mazungumzo, ajue moyo wake ukoje. Elieza alikuwa mtu wa kuimba besi kwenye kwaya na kunyamaza kwingine kote. Alikuwa anapalilia. Aliegemea jembe lake, akamgeukia mkewe.

"Ulimwomba msamaha?"

"Niliomba. Mbele ya watu wote."

"Na Mungu ulimwomba?"

"Kila siku."

"Basi umeshavundika," Elieza alisema. "Ukivundika, usifunue."

Hakusema kwa ukali, lakini Kokwijuka alihisi uso wake mzima umepata moto. Alikuwa karibu kufanya jambo lile lile, na safari hii alitaka kumtuma mumewe akachungulie kwa niaba yake. Aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda mbele ya mafiga yasiyo na moto. Huko ndiko alikoelewa kwamba kosa lake halikuwa kuuliza swali. Ayubu aliuliza, na Daudi aliuliza, tena kwa kelele. Kosa lake lilikuwa kwamba alimpa Mungu kitu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukabaki umekishikilia. Hakuwahi kumngoja Mungu. Alimvizia tu.

Maneno ya Elieza yalisikiwa na jirani aliyekuwa akikata nyasi nyuma ya ua, na mnajua kijiji. Kabla ya mwezi kwisha yalikuwa kila mahali. Watoto waliambiana wakicheza, wakwe waliambiana, na kila yaliposemwa mtu aliangalia kama Kokwijuka yupo karibu. Mara nyingi alikuwapo. Alizoea kuinamisha macho na kupita.

Miche ikawa migomba, na Sikukuu ya Mavuno ikaja ambayo kwayo palikuwa tena na mikungu ya ndizi za juisi. Kokwijuka hakwenda kwenye mkutano wa maandalizi. Alikuwa anafua aliposikia hatua uani, akageuka akamwona Zefania na mkungu begani. Aliuweka chini taratibu, akauegemeza ukutani, akajifuta jasho.

"Mingine inakuja," alisema. "Vundika wewe, mama."

Kokwijuka alisimama na povu mikononi. Alisema hapana. Alisema wapo wanawake wengi wenye mikono safi, ampelekee mmojawapo. Zefania alitikisa kichwa.

"Nitafunua," Kokwijuka alisema. "Zefania, mwanangu, sijiamini."

"Najua," Zefania alijibu. "Ndiyo maana nimekuletea wewe. Wengine hawajui kufunua kunauma vipi." Akageuka akaenda kuleta mkungu wa pili.

Alivundika. Akina mama walikuja wakazunguka shimo, na ilipofika wakati wa kuomba wakamwangalia yeye. Aliomba kwa maneno machache sana, tena kwa kigugumizi, na hakusema lolote ambalo hakuliamini. Kisha akachomeka jani.

Na mvua ikanyesha, ile ile nyembamba. Msiniambie kwamba sasa alikuwa shujaa. Siku ya pili alitembea mpaka pembeni mwa nyumba na kurudi. Akatembea tena. Mwishowe aliketi barazani kando ya Elieza, akamwambia amshike mikono. Elieza aliishika yote miwili, na wakakaa hivyo, watu wazima wenye wajukuu, kama watoto wanaozuiwa wasiguse chungu. Kokwijuka aliona haya, maana barabara ilikuwa wazi na watu walipita wakawaona. Lakini hakuiondoa. Siku ile hakuwa na imani kubwa. Alikuwa na aibu kubwa, na imani ndogo iliyobaki ilikaa ndani ya aibu ile ikasubiri pamoja naye.

Jioni haijaingia, Zefania alipita akitoka kisimani na ndoo. Alisimama nje ya uzio. Yeye mwenye ndizi, siku ile, alivunja desturi akauliza.

"Zinaendeleaje, mama?"

Mwanamke huyu alikuwa amewapa watu majibu miaka yote. Misibani alijua Mungu anafanya nini, hospitalini alijua, kibanja chake mwenyewe kilipoungua alisimama akasema anajua. Sasa alimtazama yule mtu ambaye yeye alimkosea, na maji ya mvua yalikuwa yakitiririka juu ya paa.

"Sijui," alisema. "Nimevundika."

Zefania akaitikia kwa kichwa, akabeba ndoo yake akapanda kilima. Kokwijuka alibaki barazani, mikono yake ndani ya mikono ya mumewe, na nyuma ya nyumba ndizi zilikuwa gizani, na yeye hakwenda kuzitazama.

Ukivundika, usifunue.